Hesabu ya Tano Tano

Watoto watano hawakuitika.

Mwalimu alikuwa anaita kundi kwa kundi, rejista mkononi, basi bado linanguruma nyuma yake. Wa kwanza wa kundi la sita alipokaa kimya hakushtuka. Watoto wa darasa la pili wakishuka kwenye basi huwa masikio bado yako safarini, hasa wakiwaona mama zao wamesimama getini. Alirudia jina kwa sauti ya juu zaidi, akaweka nukta ya penseli, akaendelea. Wa pili naye kimya. Wa tatu hali kadhalika. Alipofika wa nne penseli ilianza kumteleza vidoleni, maana jina la tano la kundi hilo hakuhitaji karatasi kulijua. Alilisoma hivyo hivyo, kama utaratibu unavyotaka. Huyo wa tano alikuwa binti yake wa kumzaa.

Nyumbani walimwita Kijino, kwa ajili ya jino moja la mbele lililogoma kuota baada ya mwenzake kuota. Shuleni Mwalimu alikuwa amejiwekea sharti la kutopendelea: hamkalishi karibu, hamfungi kamba za viatu, hamtafuti kwa macho. Walimu wenzake walimsifu sana kwa msimamo huo. Basi siku hiyo alikaa mbele na dereva nusu saa nzima, mgongo kwa watoto, na hakugeuka hata mara moja kumwangalia mwanawe. Msimamo gani huo, jamani.

Aliita tena, safari hii bila rejista. Aliingia ndani ya basi akainama kutazama chini ya viti. Aliokota sweta moja na chupa ya maji isiyo na kifuniko. Aliposhuka, Mkuu wa shule alikuwa ameshafika kutoka ofisini.

Mkuu alikuwa mtu wa maswali mafupi. Waliondoka wangapi asubuhi? Arobaini, nimewaita kwa majina mmoja mmoja. Mlipoondoka kule kwenye mitambo ya maji, nani alihesabu? Hapo Mwalimu akaanza kujieleza. Mwalimu msaidizi alikuwa anaumwa, yeye yuko peke yake na watoto arobaini, mlinzi anamwita asaini kitabu cha wageni, kwa hiyo watoto walijihesabu wenyewe. Walikaa kwa makundi ya watano watano, Kiranja wa darasa akapita akigusa kundi moja moja na kuhesabu kwa kuruka, tano, kumi, kumi na tano, kama walivyojifunza. Yeye alikuwa dirishani kwa mlinzi, mita kama thelathini. Katikati hakusikia vizuri kwa ngurumo ya pampu, ila mwisho aliusikia kwa masikio yake mawili: arobaini.

"Una hakika ni arobaini?"

"Nina hakika. Na nikasaini."

Basi Mkuu akamgeukia dereva. Dereva alisema alisimama mara moja tu, kituo cha mafuta cha pale sokoni, dakika kama kumi, na mlango aliuacha wazi kwa sababu ya joto. Aliposema hivyo akajishika kichwa. Kila mtu pale uwanjani alifika mahali pamoja kwa wakati mmoja: kama waliondoka arobaini na wamefika thelathini na tano, watano wameshukia sokoni. Sokoni kuna magari, kuna mtaro mkubwa, kuna watu wa kila aina wasiojulikana wametoka wapi. Mama mmoja aliyekuja kumchukua mwanawe aliketi chini palepale na mkoba wake, akaanza kulia kwa sauti ndogo. Mkuu akapiga polisi, akaamuru basi ligeuke, walimu wawili wapande, wazazi wenye nguvu wapande. Mwalimu alikuwa ameshaweka mguu kwenye ngazi ya basi. Alichokuwa anakifikiria ni kimoja tu, kwamba Kijino alivaa viatu vinavyombana.

*

Mume wake aliingia getini wakati huohuo, kofia ya pikipiki mkononi, amekuja kuwachukua mke na mtoto kama kawaida.

Huyu mtaa mzima ulimwita Fotokopi. Alikuwa na kibanda cha kuchapa na kutoa nakala barabara ya pili kutoka shuleni, printa moja, mashine moja ya nakala yenye kikohozi, na rafu ya madaftari. Hata mama mkwe wake alimwita Fotokopi, tena kwa heshima zote. Alikuwa fundi safi asiyependa kazi ya ovyo, na kilichomponza safari hii ni usafi huohuo.

Wiki iliyopita mke wake alimletea mchezo alioubuni mwenyewe kwenye kompyuta. Ilikuwa barabara inayopindapinda kati ya miti na nyumba, yenye visanduku: tano, kumi, kumi na tano, hadi sabini. Mtoto anarusha dadu, anaruka visanduku kwa kizibo cha soda, na kila anapokanyaga lazima ataje namba kwa sauti. Darasani Mwalimu alikuwa amewafundisha kuruka tano tano hadi thelathini. Zilizobaki alisema atauachia mchezo, watoto wanajifunza haraka kitu wasichojua kwamba wanafundishwa. Alitaka nakala nane, moja kwa kila kundi, na alizitaka kubwa, watano wazunguke bila kugombana.

Printa ya Fotokopi haichapi karatasi kubwa. Kwa hiyo alichapa nusu nusu, kisha akaunga karatasi mbili kwa gundi. Kipande cha kwanza barabara ilifika ukingoni kwenye kisanduku cha thelathini na tano, cha pili ikaanzia arobaini. Alipoziweka ubavu kwa ubavu pakaonekana pengo jeupe katikati, barabara imekatika, na pengo lile likamuudhi. Akaipandisha karatasi ya pili juu ya ile ya kwanza, akaisogeza kidogo, akaisogeza tena, mpaka mistari ya barabara ikakutana sawasawa kama haijawahi kutengana. Akarudia hivyo mara nane, akaridhika sana. Mke wake alikuwa anasahihisha mitihani alipoletewa. Alihesabu kama ni nane, akasema mikono yako idumu, akaziweka kwenye mkoba. Hakuna aliyekaa akausoma mchezo ule kisanduku kwa kisanduku isipokuwa watoto, na watoto waliuchukua nyumbani kwa zamu Ijumaa na Jumamosi na Jumapili, wakaucheza hadi wakaukariri.

Fotokopi hakuelezwa vizuri kilichotokea. Alisikia vipande vipande, watano, sokoni, Kijino, na akataka kukimbilia basi. Kilichomzuia ni mtoto aliyekuwa analia mbele yake. Alikuwa Kiranja, na mama yake, fundi cherehani, futi ya kupimia bado iko shingoni, alikuwa amemshika bega anamtikisa. Alikuwa anamuuliza amehesabu nini, watoto wa watu wako wapi, leo anamwaibisha mbele ya dunia nzima. Mtoto alikuwa anaapa kwamba amehesabu vizuri.

"Hebu hesabu nikusikie," mama akasema. "Hesabu hivyo hivyo ulivyohesabu kule."

Kiranja akajifuta kamasi kwa mkono, akanyoosha kidole, akaanza kugusa hewa kana kwamba makundi yamekaa mbele yake. "Tano. Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Ishirini na tano. Thelathini. Arobaini."

Alisema bila kusitasita hata kidogo. Mama yake hakugundua kitu, hasira zilikuwa zimemziba. Fotokopi ndiye aliyesikia. Alimwomba mtoto yule arudie. Akarudia, vilevile, thelathini, arobaini. Mtoto mwingine aliyekuwa karibu naye akaitikia kwa kumsaidia mwenzake, "Ndivyo ilivyo baba, baada ya thelathini arobaini," na akatoa karatasi ya mchezo kwenye mkoba wake kuthibitisha.

Fotokopi aliishika. Aliitambua kazi yake. Alitia ukucha kwenye muungano, gundi ikaachia taratibu, na chini yake kisanduku cha thelathini na tano kikatokea, wino wake mpya kabisa, hakijaguswa na kizibo cha mtu yeyote.

Makundi saba yakitoa arobaini, kundi la nane halikuhesabiwa. Hakuna mtoto aliyeshuka sokoni. Hawakupanda basi. Kama wote pale wakiendelea kuamini ile arobaini, watapekua soko zima hadi jua lizame na watoto wako mahali pengine.

Angeweza kwenda kumnong'oneza mkewe pembeni. Wengi wetu tungefanya hivyo. Lakini basi lilikuwa linarudi nyuma kugeuka, kwa hiyo alikwenda akasimama mbele yake, karatasi juu, na ikambidi aseme mbele ya Mkuu, walimu, wazazi na watoto thelathini na tano wanaomjua kwa jina la utani. Alisema watoto hawako sokoni. Alisema ni yeye aliyebandika vibaya, ameifunika thelathini na tano, darasa zima limejifunza kwamba baada ya thelathini inakuja arobaini, na wenzao wamebaki kule kwenye maji.

Kwanza hakuna aliyemwelewa. Baba mmoja dirishani alimwambia atoke njiani, huu si wakati wa habari za gundi. Mkuu alimshika mkono kwa upole wa kumwondoa mtu aliyechanganyikiwa, akamwambia polisi wameshaambiwa sokoni na sokoni ndiko watakakokwenda, huko kwingine wapigiwe simu. Dereva akalipitisha basi pembeni yake, vumbi likamjaa mdomoni. Mtu mmoja tu ndiye aliyeshuka.

Mwalimu aliichukua ile karatasi na hakuhitaji kuelezwa. Alitazama muungano kwa muda wa kufumba na kufumbua. Kisha uso wake ukabadilika kwa namna ambayo mume wake, katika miaka tisa ya kuishi naye, hakuwahi kuiona, na hakutaka kuiona tena.

"Bwawa la tatu," alisema. "Lilikuwa kavu. Fundi alituambia wamemaliza kulisafisha. Alisema saa kumi kamili wanalifungulia maji."

Saa ya ukutani ya ofisi ilionyesha saa tisa na dakika arobaini na tano.

*

Barua ya ruhusa ya ziara kutoka mitambo ya maji ilikuwa na namba ya simu. Walipiga, ikaita hadi ikakata. Fotokopi alimpa mama Kiranja barua ile, akamwambia apige, asichoke, wakipokea awaambie wasifungue maji. Mama yule alikaa kwenye ngazi ya darasa, akamvuta mwanawe akamkalisha mapajani, akaanza kupiga.

Pikipiki iliondoka bila kofia. Mwalimu alikaa nyuma, mikono imemzunguka mumewe tumboni. Fotokopi alikimbiza chombo kuliko alivyowahi kukimbiza. Kwenye kona alianza kusema, mke wangu, naomba unisa—

"Ukiniomba msamaha sasa hivi nitaruka," Mwalimu akasema sikioni mwake. "Endesha."

Akaendesha. Yeye nyuma akajaribu kuomba Mungu, maneno yakakataa kupangika. Alichokuwa anakiona ni ule mchana wenyewe. Kulikuwa na upepo. Baada ya kutembezwa na kula mkate wao aliwaruhusu wacheze, kila kundi na karatasi yake, na upepo ukawa unazinyanyua, vizibo vinamwagika, watoto wanakimbiza michezo yao kama kuku. Akawaambia tafuteni mahali pasipo na upepo. Hayo ni maneno yake. Alikuwa ameyasema akicheka. Na mtoto wa miaka saba akitafuta mahali pasipo na upepo katika uwanja ule wa saruji, wazi pande zote, atapata wapi zaidi ya ndani ya shimo?

Tena ilikuwa ni yeye aliyeishia thelathini. Kama angefundisha kisanduku kimoja tu zaidi, Kiranja angeuliza, mwalimu, mbona hapa hakuna thelathini na tano. Watoto wale huuliza. Alimbana mumewe mbavu bila kujua.

Walipoacha lami walikuta barabara inachimbwa. Kijana mwenye bendera nyekundu aliwasimamisha, lori lililojaa kokoto lilikuwa linarudi nyuma taratibu, kidogo mbele, kidogo nyuma. Fotokopi alimsihi, akamwambia kuna watoto, kijana akasema wote mna haraka, mzee. Mwalimu alishuka. Alikwenda akasimama mbele ya yule kijana akamtazama tu machoni. Kijana akashusha bendera. Wakapita kati ya tairi la lori na ukingo wa mtaro, goti la Fotokopi likachubuka kwenye bamba. Saa ya mkononi ya Mwalimu ilisoma saa kumi na dakika mbili.

*

Mlinzi wa mitambo aliwakumbuka. Aliwasalimia vizuri, akauliza kama wamesahau kitu. Mwalimu alimwambia watoto watano wamebaki ndani. Mlinzi akasema haiwezekani, akafungua kitabu cha wageni, akaweka kidole kwenye mstari. Wameingia arobaini. Wametoka arobaini, saa tisa kamili. Nyuma yake, katika ofisi iliyofungwa kufuli, simu ilikuwa inaita, inakata, inaita tena.

"Hii saini si yako, mwalimu?"

"Ni yangu," Mwalimu akasema. "Nilisaini uongo. Nifungulie."

Mlinzi alitazama kitabu, akamtazama yeye. Kanuni zilikuwa upande wa kitabu. Fotokopi hakusubiri wamalizane, aliruka kizuizi, na mkewe, mtu mzima na sketi yake ya kazini, akapita chini yake kwa magoti. Mlinzi akawafuata akipiga filimbi.

Sauti waliisikia kabla ya kuona chochote. Ilikuwa ngurumo nzito ya maji yanayoanguka, na ikatokea upande wa bwawa la tatu. Mchana ule bwawa lilikuwa kimya, sakafu imekauka na kuota ufa wa matope. Sasa bomba pana kama pipa lilikuwa linamwaga maji ya rangi ya udongo, palepale zilipokuwa ngazi za kushukia. Bwawa lenyewe lilikuwa refu kuliko jengo la madarasa, kuta zake zimezidi urefu wa watu wawili. Juu ya maji, katikati ya povu, ilikuwa inaelea karatasi. Zilikuwa mbili, zimeachana, na barabara ya Mwalimu ilikuwa inafutika juu yake.

Mwalimu alianza kukimbia ukingoni. Fotokopi aliita jina la mwanawe, akaita tena, na hakujisikia hata yeye mwenyewe kwa ule mngurumo. Hajui kuogelea. Alivua viatu.

Mlinzi ndiye aliyekuwa na akili ya kukimbilia kwenye kibanda cha valvu. Fundi wa maji alikuwa ndani na vizibio vya masikio, anaandika vipimo. Hakuuliza swali hata moja. Alishika gurudumu la chuma akaanza kulizungusha, mlinzi akamsaidia, na gurudumu lile halikuwa la kukimbilia, lilihitaji mizunguko mingi, kila mzunguko na mlio wake. Baadaye fundi aliapa kwamba kabla ya kufungua alisimama ukingoni akapiga kelele mara tatu, kuna mtu, kama anavyofanya siku zote. Alikuwa anasema kweli. Watoto walimsikia. Walijua wako mahali walipokatazwa, wakaogopa kugombezwa, wakajibana chini ya daraja la chuma lililokatiza mwisho wa bwawa.

Huko ndiko Mwalimu alikokwenda. Hakujua kwa nini, labda kwa sababu sakafu ilipanda kidogo upande ule na yeye ni mtu wa kuangalia vitu vidogo. Alilala kifudifudi juu ya saruji, akaingiza kichwa chini ya daraja, damu ikamshukia kichwani. Akaona nywele kwanza. Halafu akaona macho.

Walikuwa wamesimama wameegemea ukuta, mstari mmoja, wameshikana mikono. Maji yalimfika kifuani mrefu wao. Mfupi wao hayangemfika kifuani, yangemfika shingoni, kama Kijino asingekuwa amembeba mgongoni. Miguu ya Kijino ilikuwa imepanuliwa ili asianguke, midomo imekuwa ya kijivu, na alikuwa analia bila sauti. Wote walikuwa wanalia bila sauti. Walikuwa wameshapiga kelele zote walizokuwa nazo.

"Mama yuko hapa," Mwalimu akasema. Alisema hivyo kwa wote.

Ngurumo ikapungua, ikawa mchirizi, ikawa matone. Fundi alikuja na ngazi ya bati begani. Fotokopi alishuka kabla haijatulia, akaingia majini hadi kiunoni na suruali yake ya kazini, na akawapandisha mmoja mmoja. Alipomnyanyua wa kwanza alisema kwa sauti, moja. Wa pili, mbili. Mlinzi juu aliwapokea, Mwalimu akawagusa vichwani, akawashika usoni, akawaachia tu wakati mwingine amefika. Tatu. Nne alikuwa yule mdogo wa mgongoni, vidole vyake ikabidi vibanduliwe kimoja kimoja shingoni mwa Kijino. Tano, Fotokopi alishindwa kuisema. Alimbeba tu akapanda naye, paji la uso limemlalia kifuani.

*

Fundi aliwavisha makoti ya kazi, makubwa, mikono inaburura chini. Mlinzi alikwenda kufungua ofisi na kupokea ile simu iliyokuwa bado inaita, akasikika anamwambia mtu wa upande wa pili, wapo mama, wote wapo, wazima. Akasema tena, mama, usilie, nakwambia wapo. Kisha akaja na kile kitabu chake, akasimama nacho mkononi asijue aandike nini.

Mwalimu alikuwa amekaa chini, saruji bado ina joto la jua. Amemweka Kijino mapajani, anamsugua miguu. Alijua Mkuu anakuja, na wazazi wa hawa wanne wanakuja, na kwamba pengine kesho hatakuwa na darasa. Hayo yote yalikuwa yanasubiri mahali fulani mbali. Sasa hivi alikuwa anataka kujua kitu kimoja, na kadiri hofu ilivyokuwa inamtoka ndivyo swali lile lilivyozidi kumkaba. Pale watoto walipojihesabia hapakuwa mbali na bwawa. Ni ukuta mmoja tu. Watoto wake wanajua utaratibu, ameuimba tangu mwaka uanze: wenzenu wakianza kuhesabiwa, acheni kila kitu mkimbie.

Fotokopi alikuja akachuchumaa mbele yao, matope hadi kiunoni, asiye na uhakika kama anaruhusiwa kukaa.

"Mwanangu," Mwalimu akasema, "hamkumsikia Kiranja anahesabu?"

Kijino akatikisa kichwa. Meno yalikuwa yanagongana, ikabidi angoje yatulie. Alisema walimsikia vizuri sana. Alisema walianza kukusanya vizibo ili wakimbie, lakini Kiranja alikuwa anahesabu haraka, na wao wakawa wanahesabu naye hukohuko chini, kwa sauti ndogo, waone ataishia wapi.

"Akafika arobaini, mama," alisema. "Tukajua na sisi tumeshahesabiwa. Tukaendelea kucheza."